Programu inapokataa kuanza kwenye mstari wa amri: kwanza tujue ni nani anayelalamika

fundi_wa_terminali (mleta mada)

Habari za wakati huu, wakuu.

Swali linalojirudia kuliko yote hapa ni la mtu aliyeandika amri, akabonyeza Enter, na badala ya programu kufunguka akaletewa mstari mmoja wa Kiingereza, kisha terminali ikanyamaza. Majibu anayopewa huwa ni mchanganyiko wa `sudo` (kuendesha amri kama msimamizi mkuu), `chmod 777` (kumpa kila mtu ruhusa zote za faili) na ushauri wa kusakinisha upya, na kwa kuwa moja kati ya hayo hubahatika mara moja moja, mazoea hayo yameota mizizi. Mimi napendekeza utaratibu mwingine. Kabla ya kutafuta dawa, tumtambue aliyeuandika ule mstari, maana kati ya Enter na programu kuanza kazi amri hupita katika mikono kadhaa, na maneno yale yale yakisemwa na mikono miwili tofauti huwa na maana mbili tofauti kabisa.

Mkono wa kwanza ni sheli, yaani programu inayopokea unachoandika, kama vile bash, zsh au PowerShell. Hiyo huigawa amri katika vipande, hupanua alama kama `*` na `~`, kisha hulitafuta faili la programu. Wa pili ni kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ambacho kwenye Linux hupokea ombi liitwalo `execve`, hukagua ruhusa na kusoma baiti za mwanzo za faili ili kujua ni la aina gani. Wa tatu ni kipakiaji, `ld.so`, ambacho hukusanya maktaba ambazo programu inazitegemea. Baada yake anaweza kuwepo mkalimani, kwa mfano Python au mashine ya Java, na wa mwisho kabisa ni programu yenyewe.

Anayesema hutambulika kwa namna anavyoanza. Mstari unaoanza na `bash:` umetoka kwa bash, ingawa mara nyingi bash huwa inafikisha tu jibu la kerneli. Ukisoma `error while loading shared libraries`, hicho ni kipakiaji. `Traceback (most recent call last):` ni Python, na hapo usisome kutoka juu. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa chini kabisa, ndiko kosa lenyewe liliko. `Exception in thread "main"` ni Java. Ikiwa programu imefika hatua ya kulalamikia faili lake la mipangilio, basi imekwisha kuanza, na kuisakinisha upya ni kupoteza bando.

Kuna pia namba ambayo kila programu huiacha inapotoka. Isome papo hapo, kabla ya kuandika amri nyingine yoyote:

`echo $?`

Katika bash, 127 kwa kawaida humaanisha kwamba amri haikupatikana, na 126 kwamba ilipatikana lakini haikuweza kuendeshwa. Namba iliyozidi 128 husema kwamba programu imeuawa kwa ishara, na ukitoa 128 unabaki na namba ya ishara hiyo: 130 ni wewe mwenyewe uliyebonyeza Ctrl-C, 139 ni programu iliyogusa kumbukumbu isiyo yake, na 137 ni ishara ya 9, ambayo kwenye seva ndogo mara nyingi hutumwa na kerneli yenyewe kumbukumbu inapokwisha. Ukipata 137, tazama `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli, kwanza. Angalizo moja tu: kipakiaji kikikosa maktaba nacho hutoka na 127, kwa hiyo namba hiyo isisomwe bila maneno yaliyoandamana nayo.

Sasa tuje kwenye `command not found`. Huyu ni sheli, na anachosema ni kwamba amezipitia folda zote zilizoorodheshwa katika PATH, kutoka kushoto kwenda kulia, na hakukuta faili la jina hilo. Hasemi kwamba programu haipo kwenye kompyuta. Linux haitafuti ndani ya folda uliyomo isipokuwa uiambie, ndiyo maana tunaandika `./hesabu` badala ya `hesabu`. Amri ya `type -a hesabu` itakuonyesha kila mahali ambapo sheli inalijua jina hilo, na hapo ndipo watu wengi hugundua kwamba wana Python mbili au tatu na kwamba inayojibu si ile waliyoikusudia. Bash pia hukumbuka mahali ilipoikuta programu mara ya mwisho. Ukiihamisha programu, bash itaendelea kwenda kwenye anwani ya zamani hadi uandike `hash -r` au ufungue terminali mpya.

Ujumbe unaostahili kukaliwa kitako ni huu:

`bash: ./hesabu: No such file or directory`

Unaandika `ls`, na faili lipo. Unaangalia ruhusa, nazo ziko sawa. Unarudia amri, unapata jibu lile lile. Wengi hapa huanza kuilaumu diski. Ukweli ni kwamba kerneli haikusema `hesabu` halipo. Imelikuta, imesoma baiti zake za mwanzo, ikaona kwamba faili linahitaji faili jingine ili liendeshwe, na hilo la pili ndilo lisilokuwepo. Bash toleo la 5.2 limeuboresha ujumbe huo kuwa `cannot execute: required file not found`, jambo la kushukuru, lakini seva nyingi bado zina matoleo ya nyuma.

Faili hilo la pili ni lipi? Kwa skripti, ni mkalimani aliyetajwa katika mstari wa kwanza baada ya `#!`. Ikiwa skripti iliandikwa au kuhaririwa kwenye Windows, tazama mstari huo kwa jicho lisilodanganyika:

`$ head -n 1 malipo.sh | od -c`
`0000000   #   !   /   b   i   n   /   b   a   s   h  \r  \n`
`0000015`

Iangalie hiyo `\r`. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, `\r` na `\n`, ilhali Linux humaliza kwa `\n` peke yake. Kerneli imechukua kila kilichotangulia `\n` kuwa ndiyo anwani, kwa hiyo imekwenda kutafuta programu ambayo jina lake ni `bash` pamoja na alama moja isiyoonekana mwishoni. Programu ya namna hiyo haipo popote duniani. Bash za zamani zilikuwa zikiidokeza alama hiyo kwa kuandika `/bin/bash^M: bad interpreter`, na `env` nayo huiweka wazi ikisema `'python3\r': No such file or directory`. Dawa ni `sed -i 's/\r$//' malipo.sh` au `dos2unix malipo.sh`. Iwapo faili linatoka kwenye git, mstari `*.sh text eol=lf` katika `.gitattributes` utazuia tatizo lisirudi kila mwenzako wa Windows anapolivuta. Kukwepa kwa kuandika `bash malipo.sh` hakusaidii sana: skripti itaanza kweli, kisha itakujaza `$'\r': command not found` kila penye mstari mtupu.

Kwa programu iliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa maagizo ya prosesa, faili la pili ni kipakiaji. Kila programu ya aina hiyo, isipokuwa zile zilizofungwa pamoja na maktaba zake zote, hubeba ndani yake anwani ya kipakiaji inachokitaka, na unaweza kuisoma:

`$ readelf -l ./hesabu | grep interpreter`
`      [Requesting program interpreter: /lib64/ld-linux-x86-64.so.2]`

Baada ya hapo fanya `ls -l` kwa anwani hiyo hiyo. Kwenye Alpine, aina ndogo ya Linux, huikuti, kwa sababu Alpine hutumia maktaba ya msingi iitwayo musl badala ya glibc, na hicho ndicho kisa cha watu wengi wanaokompaili programu kwenye Ubuntu kisha wakaipachika katika kontena dogo la Alpine. Ukikuta anwani ni `/lib/ld-linux.so.2`, programu ni ya biti 32, na mfumo wako wa biti 64 hauna maktaba zake. Kwenye Debian na Ubuntu huongezwa kwa `dpkg --add-architecture i386`, kisha `apt update`, kisha `apt install libc6:i386`.

Mwenye tatizo aweke hapa amri kamili aliyoandika, ujumbe mzima kama maandishi na si picha ya skrini iliyokatwa, pamoja na jina la mfumo wake.

msomi_wa_simu

Shikamoo mkuu, na ahsante kwa somo. Mimi sina kompyuta, najifunza kwa Termux, app ya terminali ya Android, kwenye simu. Nimepakua skripti, imeingia kwenye Download, nimeipa `chmod +x` na haikulalamika, lakini nikiiita naambiwa `Permission denied`. Nikitazama ruhusa kwa `ls -l`, ile `x` ya ruhusa ya kuendesha haikuongezeka.

fundi_wa_terminali

Marahaba. Hapa anayesema ni kerneli, na inasema kweli. Sehemu ya simu inayoonekana kama `/sdcard` Android huiunganisha kwa masharti kwamba hakuna faili linaloruhusiwa kuendeshwa kutoka humo, na ruhusa za kila faili hazibadilishwi mmoja mmoja. `chmod` inapokelewa kisha inapuuzwa. Lihamishie faili nyumbani kwa Termux:

`cp /sdcard/Download/hesabu.sh ~/`

Kisha `chmod +x ~/hesabu.sh`, na uliite kutoka huko. Ukiandika `bash /sdcard/Download/hesabu.sh` litakubali pia, kwa sababu kinachoendeshwa hapo ni bash, na skripti yako inasomwa tu kama maandishi.

Kuna mengine mawili utakayokutana nayo karibuni. Skripti nyingi za mtandaoni huanza na `#!/bin/bash`, na kwenye Android folda hiyo haina bash. Ya kwako iko `/data/data/com.termux/files/usr/bin/bash`. Mara nyingi Termux hukusahihishia kimya kimya, na isipofanya hivyo ipo amri ya `termux-fix-shebang`. La pili, usipakue programu zilizotengenezwa kwa kompyuta za kawaida. `uname -m` kwenye simu yako huenda ikakujibu `aarch64`. Programu ya `x86_64` itakupa `Exec format error`, yaani kerneli imelifungua faili na kukuta maagizo ya prosesa nyingine. Hata iliyoandikwa `linux-arm64` inaweza kukuletea ile `No such file or directory`, kwa kuwa inatafuta kipakiaji cha glibc ilhali Android ina chake, `/system/bin/linker64`. Kwenye simu, kinachopatikana kwa `pkg install` kichukue huko huko.

dada_takwimu

Nami ni wa Windows. Nimesakinisha Python toka kwenye tovuti yao, lakini nikiandika `python` ndani ya CMD napelekwa Microsoft Store. Nimeongeza folda kwenye PATH kwa amri ya `setx` niliyoiona kwenye video, na sasa hata programu nyingine mbili zimeacha kupatikana. Nimechoka, naomba msaada.

fundi_wa_terminali

Pole, dada. Yako ni matatizo mawili, na la pili limezaliwa na tiba ya lile la kwanza.

Tuanze na la Store. Tangu Windows 10 toleo la 1903, Microsoft huweka faili dogo liitwalo `python.exe` katika folda ya WindowsApps, ambalo kazi yake ni kukuelekeza dukani. Andika `where python`. Ukiona mstari wa kwanza una `AppData\Local\Microsoft\WindowsApps`, huyo ndiye anayekujibu, kwa kuwa folda yake imetangulia katika PATH. Fungua Settings, tafuta sehemu ya `App execution aliases`, na uzime viingizo vya python. Huku ukishughulikia hilo, jaribu `py --version`, maana Python inayotoka kwenye tovuti yao kwa kawaida huja na kianzishi hicho, nacho hufanya kazi hata PATH ikiwa imevurugika. Ukiwa ndani ya PowerShell andika `where.exe` kwa jina lake kamili, vinginevyo utaletewa amri nyingine kabisa.

La `setx` ni zito zaidi. Amri hiyo hukata maandishi yanapofika herufi 1024, na ile desturi ya kuandika `setx PATH "%PATH%;C:\..."` huchanganya PATH ya mfumo mzima na ya kwako, kisha huimimina yote katika ya kwako, ikiwa imekatwa mkia. Ikiwa bado una dirisha la CMD ulilolifungua kabla ya kufanya hivyo, usilifunge. Dirisha hilo lina nakala ya PATH ya zamani. Andika `echo %PATH%` na uinakili. Kisha nenda kwenye dirisha la `Edit environment variables for your account` uirudishe kwa mkono, folda moja kila mstari. Baada ya kuhifadhi, fungua CMD mpya, kwa sababu iliyokuwa wazi haisomi mabadiliko.

Na iwapo siku moja utapata namba badala ya maneno: CMD huacha 9009 katika `%errorlevel%` inapokosa amri, na -1073741515 maana yake ni kwamba programu imepatikana lakini faili moja la DLL (maktaba ya Windows) inalolitegemea halipo. Hiyo ya pili huonekana zaidi unapofanya kazi kwa mbali, ambako lile dirisha la onyo halikufikii.

mzee_wa_seva

Mleta mada unawazungusha vijana. Mimi kwenye seva zangu nikiona `Permission denied` natia `chmod -R 777`, ikigoma natia `sudo`, na kazi inaendelea. Mambo ya `readelf` ni ya watu wenye muda.

fundi_wa_terminali

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini kwa hili sitakuunga mkono, na sababu zangu si za kinadharia.

`Permission denied` inaweza kutokana na alama ya `x` kukosekana kwenye faili, au kukosekana kwenye folda mojawapo iliyo juu yake, au diski nzima kuunganishwa kwa sharti la `noexec`, yaani hakuna faili la kuendeshwa kutoka humo. 777 haigusi hili la tatu hata kidogo, `findmnt -T./hesabu` italionyesha kwa mstari mmoja. Kwa yale mawili ya kwanza, 777 hutibu kwa kumpa kila mtumiaji wa seva uwezo wa kuliandika upya faili ambalo kesho wewe utaliendesha kwa `sudo`. Ukiipitisha kwenye folda yako ya nyumbani, `ssh` itakataa kutumia ufunguo wako na kukuandikia `UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE!`.

`sudo` nayo huacha mabaki. Programu iliyoendeshwa mara moja kwa `sudo` huweza kutengeneza mafaili ndani ya `~/.cache` au `~/.npm` yakiwa mali ya root (msimamizi mkuu), na kesho yake ukiiendesha kama kawaida unakataliwa katika nyumba yako mwenyewe. Ndipo mtu anaposema, umeona, hii haiendi bila `sudo`. Tena `sudo` mara nyingi hutumia PATH yake, iliyowekwa katika `secure_path`, kwa hiyo programu inayopatikana bila `sudo` inaweza kupotea ukiitumia.

mpika_kodi

Mimi nimeletewa faili la jar (programu ya Java) la mfumo wa stoo. Linaniambia `UnsupportedClassVersionError`, halafu `class file version 61.0`, na kwamba ya kwangu inatambua `up to 52.0`. Nikisoma namba hizo naona ni kubwa kuliko toleo lolote la Java ninalolijua.

fundi_wa_terminali

Toa 44. 61 ni Java 17, na 52 ni Java 8. Jar yako imekompailiwa kwa 17 na mashine yako inaiendesha kwa 8. Sakinisha 17 au toleo la mbele yake, kisha hakikisha `java -version` inakubaliana nawe, kwa kuwa kuisakinisha hakuiondoi ile ya zamani. Kwenye Ubuntu huchaguliwa kwa `sudo update-alternatives --config java`. Ikiwa mwenye jar yuko karibu na hutaki kugusa mashine ya stoo, anaweza kuikompaili tena kwa `--release 8`, mradi msimbo wake hautumii vitu vilivyokuja baadaye.

Kwa wengine wa Java: `Could not find or load main class Hesabu.class` ni mtu aliyeandika mkia wa `.class` pasipohitajika. Andika `java Hesabu`.

mzee_wa_seva

Haya, hebu nijibu hili basi. Seva yangu ni Ubuntu 20.04. Nimepakua programu mpya, ikasema ``version `GLIBC_2.34' not found``. Nataka nichukue `libc.so.6` kutoka Ubuntu 22.04 niiweke hapa. Kwa `libssl.so.1.1` kwenye seva nyingine nimefanya kiunganishi tu kutoka `libssl.so.3` na ujumbe ukaondoka.

fundi_wa_terminali

Nakuomba usiiguse hiyo `libc.so.6`. Karibu kila programu kwenye seva hiyo, ikiwemo `ls`, `cp`, `sudo` na `sshd`, inaitegemea, na zote zinategemea toleo lililokuja pamoja na kipakiaji chake. Ukibadilisha moja bila nyingine, amri utakayoitaka ili urudishe hali ya zamani nayo haitaanza. Kama seva iko kituo cha data cha mji mwingine, ni nauli.

Sababu ya namba hiyo kuonekana kila mahali ni hii. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31. Katika 2.34, iliyotoka Agosti 2021, hata kile kitendakazi cha kuanzishia programu, `__libc_start_main`, kilipewa alama mpya ya toleo, kwa hiyo programu iliyokompailiwa kawaida kwenye mfumo wenye 2.34 au zaidi huidai namba hiyo hata kama haitumii chochote kipya. Programu iliyokompailiwa kwenye mfumo wa zamani huenda mbele bila shida. Kinyume chake hakiendi. Una njia tatu: uombe au utengeneze toleo lililokompailiwa kwenye 20.04, uiendeshe ndani ya kontena la 22.04, au uhamishe seva. Ningekuwa wewe ningeanza kupanga hiyo ya tatu, kwa kuwa muda wa kawaida wa 20.04 kupokea masasisho uliisha Mei 2025.

Kuhusu `libssl`, ujumbe umeondoka kwa sababu kipakiaji kimeridhika na jina la faili tu. OpenSSL 3 si 1.1 iliyobadilishwa jina. Zipo programu zitakazokataa mara moja kwa kukosa alama ya `OPENSSL_1_1_0`, na hizo ni afadhali, kuliko itakayoanza vizuri kisha ianguke katikati ya muamala. `ldd ./programu` hukuonyesha maktaba zote inazozitaka, na iliyokosekana huandikwa `not found`. Usiitumie tu kwa faili usiloliamini, kwani katika mazingira fulani `ldd` inaweza kuliendesha faili lenyewe. Tafuta toleo la programu lililojengwa kwa OpenSSL 3. Ile 1.1.1 iliachwa rasmi na watunzaji wake Septemba 2023.

mzee_wa_seva

Nimekuelewa kwa hilo la libc. La 777 tutazungumza.

mlinda_nakala

Mkuu, langu ni la kimya kabisa. Nina mstari huu kwenye crontab, orodha ya kazi ambazo programu ya cron huziendesha kwa saa zilizopangwa, wa kuchukua nakala ya hifadhidata kila usiku:

`0 2 * * * pg_dump -h localhost duka > /srv/nakala/duka-$(date +%F).sql 2>> /srv/nakala/makosa.log`

Kwa terminali inafanya kazi bila tatizo. Kwa cron hakuna nakala, na hilo faili la `makosa.log` halijawahi hata kuundwa. Nimethibitisha kwamba cron iko hai.

fundi_wa_terminali

Kitu kinachotusaidia ni hicho hicho, kwamba `makosa.log` haikuundwa. Uelekezaji wa `2>>` hufanywa na sheli kabla ya `pg_dump` kuanza. Ikiwa faili halikuundwa na folda inaandikika, basi sheli yenyewe haikuuelewa mstari wako, na `pg_dump` haina hatia.

Katika crontab, alama ya `%` huchukuliwa kuwa mwisho wa mstari. Amri iliyoifikia sheli iliishia kwenye `$(date +`, mabano hayakufungwa, na sheli ikalalamika kwa kosa la sintaksia. Cron hutaka kukutumia malalamiko hayo kwa barua ya ndani ya mfumo. Tazama `/var/log/syslog`, ukikuta `No MTA installed, discarding output`, basi ujumbe ulikuwepo kila usiku na kila usiku ulitupwa. Andika `\%F`.

mlinda_nakala

Ndivyo ilivyokuwa, hata maneno ya kutupwa nimeyakuta humo. Nimerekebisha, na nikaisogeza saa ili nisisubiri usiku. Sasa faili la sql linaundwa ila ni tupu, na `makosa.log` inasema:

`pg_dump: error: connection to server at "localhost" (127.0.0.1), port 5432 failed: fe_sendauth: no password supplied`

Nenosiri nimeliweka kama `PGPASSWORD` ndani ya `.bashrc`.

fundi_wa_terminali

Vizuri, sasa anayesema ni `pg_dump` mwenyewe, maana yake mikono yote ya kabla yake imepitika. Cron haisomi `.bashrc`. Kwenye Debian na Ubuntu huendesha amri kwa `/bin/sh`, ambayo huko ni dash na si bash, ikiwa na PATH fupi ya `/usr/bin:/bin` na vigeu vichache sana. Kwa hiyo hata programu uliyoiweka `/usr/local/bin` isingepatikana bila kuandikiwa anwani kamili. Ukitaka kuyaona mazingira hayo bila kusubiri, andika:

`env -i HOME="$HOME" PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh`

Utaingia kwenye sheli iliyo karibu uchi kama ya cron, na unaweza kujaribu amri zako humo.

Nenosiri liondoe kwenye `.bashrc` na uliweke katika faili la `~/.pgpass`, mstari mmoja wa namna hii:

`localhost:5432:duka:jina_la_mtumiaji:nenosiri`

Kisha `chmod 600 ~/.pgpass`. Mzee wa seva atanisamehe: likiwa na ruhusa pana zaidi ya hizo, `pg_dump` italipuuza na kukuandikia onyo.

mlinda_nakala

Imekubali, faili lina data. Kuna njia ya kuizuia isiache faili tupu la sql inaposhindwa? Jana nusura niifute nakala nzuri ya juzi nikidhani ninayo mpya.

fundi_wa_terminali

Ipo. Andika kwanza kwenye jina la muda, na ulibadilishe tu iwapo `pg_dump` imetoka na 0. Weka haya katika skripti, uiite skripti hiyo kutoka kwenye crontab, na humo `%` haihitaji tena kutanguliwa na `\`:

`#!/bin/sh`
`f=/srv/nakala/duka-$(date +%F).sql`
`pg_dump -w -h localhost duka > "$f.muda" && mv "$f.muda" "$f"`

Hiyo `-w` huikataza `pg_dump` kuuliza nenosiri, kwa kuwa usiku hakuna mtu wa kumjibu. Uelekezaji wa `2>>` ubakize kule kule kwenye crontab, ili hata skripti yenyewe ikishindwa kuanza, maneno yaandikwe mahali unapoweza kuyasoma asubuhi.